Karatasi za Saa Kumi na Mbili

Machi ya mwaka 1991 Kafedha alikwenda kuomba kazi ya kufagia katika depo ya kampuni ya mafuta ya Marikabu, kule Changamwe. Hakuwa na shida kubwa ya kazi. Alikuwa na genge lake la mboga na samaki wa kukaanga pale Mikindani, na lilikuwa likimwendea vizuri. Alilifunga genge, akaenda kupanga foleni langoni pamoja na wanawake wengine kumi na wanane, kwa sababu ndani ya lango lile mlikuwa na mtu aliyemtaka.

Mtu mwenyewe alikuwa Injinia Absalom, mkuu wa depo. Mwaka mmoja na miezi saba kabla ya siku ile, Absalom alisimama mbele ya watu akasema kwamba Randu Nguma, mume wa Kafedha, ndiye aliyejiua kwa uzembe wake na kuwaua wenzake wawili.

Randu alikuwa mfungua koki. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili. Meli ikishusha petroli bandarini, mafuta huja kwa bomba chini ya ardhi mpaka kwenye matangi ya Changamwe, na Randu ndiye aliyefungua njia ya tangi hili na kuziba ya lile. Alikuwa akigonga ubavu wa tangi kwa kifundo cha kidole, asikilize, kisha akwambie limejaa kiasi gani. Wenzake walimcheka, halafu wapande juu na utepe wa kupimia, wakute hakukosea ila vidole vitatu vinne.

Mwaka 1987 kompyuta ikaletwa. Walijenga chumba cha vioo chenye kiyoyozi, wakatia ndani viwambo vya maandishi ya kijani, na kila tangi likafungwa kipimo cha umeme kinachopeleka habari zake kule chumbani. Wafungua koki tisa wakabaki watatu. Randu alibakizwa, na hakuichukia mashine. Alikuwa akirudi nyumbani akimsimulia mkewe kama mtu aliyetoka kuona sinema.

"Siku hizi tangi lajisemea lenyewe," alimwambia. "Mafuta yakikaribia juu, king'ora chalia na pampu yajizima. Hata ukilala, u salama."

Kasoro ilikuwa moja. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na kipimo cha tangi nambari saba kilikuwa kikipata maji. Basi king'ora kikalia ovyo, tangi likiwa nusu, asubuhi na jioni, na kila kikilia pampu hujizima, meli ikakaa inangoja gatini huku makao makuu Nairobi wanapiga simu kuuliza kuna nini. Randu alilalamika nyumbani kwamba masikio yanamuuma. Halafu siku moja akasema kelele zimekwisha, ni wazi wamekitengeneza. Hiyo ilikuwa Juni ya 1989.

Tarehe kumi na tano Agosti, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Kafedha alikuwa kwenye foleni ya maji pale Mikindani. Kwanza ulikuja mtikiso uliomwaga ndoo, ndipo ukaja mshindo. Moshi ulipanda upande wa Changamwe, mweusi, mnene, na wanawake wote wenye waume depo wakaacha ndoo zao pale pale.

Tangi nambari saba lilikuwa limefurika. Petroli ilimwagika ikatambaa ardhini, na mvuke wake ukaenda mpaka kwenye maegesho ya malori. Dereva mmoja, mume wa Nafula, jirani yao wa nyumba ya tatu, akawasha lori lake. Alikufa pale pale na utingo wake. Randu alikuwa amekwisha kuiona petroli inamiminika, akakimbilia koki badala ya kukimbilia lango.

Aliishi siku nne hospitalini. Mikono yake ilifungwa bendeji mpaka viwikoni. Siku ya pili aliweza kusema, na maneno yake yalikuwa machache.

"Hakikulia," alisema. "King'ora hakikulia. Niliifunga koki, lakini hakikulia."

Uchunguzi ulifanywa na kampuni yenyewe, na matokeo yakasomwa ukumbini mbele ya jamaa za marehemu. Absalom alisimama na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alisema king'ora kililia kama kawaida, mhudumu hakukijali, na koki ilifungwa na kompyuta. Alisema karatasi za kumbukumbu za mwezi ule ziliungua motoni. Kafedha akasimama na kusema aliyosikia kwa mumewe.

"Pole sana, mama," Absalom alimjibu kwa upole. "Mtu aliyeungua husema mengi. Kompyuta haina usingizi. Binadamu ndiye mwenye usingizi."

Nafula alikuwa safu ya mbele, mjamzito wa miezi saba. Aligeuka, akamtazama Kafedha, akatema mate sakafuni. Tangu siku hiyo hakumwitikia salamu. Kanisani benchi alilokaa Kafedha lilibaki na nafasi. Randu alizikwa kwao Kaloleni na hakuna hata mmoja wa depo aliyekwenda. Siku ya arobaini Kafedha alikaa kaburini peke yake akajisemea, bila kulia, kwamba Absalom atajua maana ya kuogopa kabla yeye hajafa.

Ndivyo alivyofika kwenye foleni ile ya wafagiaji. Alijiandikisha Kafedha Ruwa, kwa jina la baba yake. Jambo lililomtia wasiwasi ni kutambuliwa. Siku ya tatu alipewa ofisi ya Absalom. Aliingia na ufagio. Absalom alikuwa akisoma. Aliinua miguu ili ufagio upite, akaishusha, wala hakuinua macho. Kafedha akajua kwamba hapo anaweza kukaa miaka.

Chumba cha vioo nacho kilikuwa katika zamu yake. Mwendeshaji wa asubuhi aliitwa Stambuli, mtu wa Kisauni, mpole, mwingi wa maneno, aliyejivunia Kiswahili chake kuliko kazi yake. Kando ya kiti chake palikuwa na printa. Kila baada ya dakika chache ilikwaruza, krrr, ikasukuma karatasi yenye vitundu pembeni, na karatasi ikajikunja yenyewe ndani ya kisanduku.

"Yaandika nini hii, Bwana Stambuli?" Kafedha aliuliza siku moja akipangusa vumbi.

"Ah, mwanangu, uliza haiandiki nini. Koki ikifunguliwa yaandika. King'ora kikilia yaandika. Nikigusa kitufe yaandika, na nambari yangu, kumi na nne, kwa sababu kila mtu hapa ana nambari. Wallahi, hata nikipiga chafya naogopa itanisema."

"Na karatasi zikijaa?"

"Zafungwa katika boksi, boksi moja kwa mwezi, zapelekwa stoo. Sheria yataka zikae miaka saba."

Kafedha akaendelea kupangusa. Ilimchukua wiki mbili kujua ufunguo wa stoo hutundikwa wapi, na mwezi mzima kupata sababu ya kuingia humo, nayo ilikuwa panya. Aliomba mwenyewe kwenda kuwafukuza. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja na mwezi wake umeandikwa kwa kalamu nene. Kafedha alisoma mpaka darasa la saba, tarakimu hazikumsumbua. Alipita na kidole: Mei 1989, Juni, Julai, Septemba.

Agosti haikuwapo. Hiyo ndiyo iliyosemwa imeungua. Lakini stoo haikuguswa na moto hata rangi yake.

Alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alifikiri safari yake imeishia hapo. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akafungua boksi la Julai, akaanza kupekua. Akaona kitu. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, printa ilikuwa imeandika orodha fupi yenye mstari juu na mstari chini. Julai mosi, orodha. Julai pili, orodha ile ile. Mwezi wote, orodha haikubadilika, na ndani yake tangi moja tu: saba.

Siku iliyofuata alimletea Stambuli mahamri na mbaazi. Walipokuwa wakila alielekeza kidole kwenye karatasi ya siku hiyo.

"Na hiki kijiorodha cha saa kumi na mbili?"

"Hapo mashine yajitetea," Stambuli alisema. "Yasema: hivi hapa ving'ora mlivyovizima kwa mkono wenu, msije mkanilaumu mimi. Nami lazima niguse kitufe kuonyesha nimeiona, na nambari yangu yaandikwa chini yake. Leo, kama uonavyo, hapana kitu. Pako tupu."

Kafedha aliendelea kutafuna. Baadaye alikwenda chooni akajifungia, akashika ukuta kwa mikono miwili.

Alipopekua boksi la Juni aliukuta mwanzo wake. Jumatatu tarehe kumi na tisa, saa nane na dakika ishirini mchana: tangi saba, king'ora kimezimwa, kwa mkono wa nambari moja. Nambari moja alikuwa mkuu wa depo. Toka kesho yake orodha ya asubuhi ikaanza, kumi na moja za Juni, thelathini na moja za Julai. Absalom alilitoa boksi la mwezi wa ajali. Hakukumbuka kwamba mashine ilikuwa ikimshtaki kila alfajiri tangu miezi miwili nyuma.

Karatasi zile zilitoka depo kiunoni mwa Kafedha, chini ya leso, mbili mbili, tatu tatu. Zilipotimia arobaini na tatu alizipanga chini ya godoro. Angeweza kuzipeleka polisi. Alilifikiria jambo hilo akaliona halimfai. Kwanza, karatasi za mfagiaji zingepotea kaunta. Pili, na hili hakumwambia mtu, polisi wangemchukua Absalom wakamficha, na yeye asimwone anavyohangaika.

Jumatatu ya kwanza ya Februari 1992 aliweka karatasi moja juu ya meza ya Absalom, katikati, imenyooshwa vizuri. Ilikuwa ya Juni ishirini. Akaendelea kupiga deki koridoni.

Absalom alifika saa mbili. Kafedha alisikia kiti kikivutwa. Halafu mlango ukafungwa kwa ufunguo, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jumatatu ya pili aliweka ya Juni ishirini na moja. Jumatatu ya tatu, ishirini na mbili. Alikuwa akizitoa kwa mpangilio, na za maana, ile ya kwanza na kumi za mwisho, alikuwa amezitenga, hazikutoka chini ya godoro. Wiki ya tano Absalom alibadilisha kitasa. Kafedha akapewa ufunguo mpya, maana ofisi lazima ifagiliwe. Wiki ya sita alimsimamisha koridoni.

"Mama, ni nani huingia humu kabla yangu?"

"Mimi, bwana."

"Na mwingine?"

"Mimi na ufagio, bwana."

Alimtazama, safari hii usoni, na Kafedha akamtazama pia. Macho ya Absalom yalikuwa mekundu, na shingo imepungua ndani ya kola. Akasema, "Haya, endelea." Kafedha akaendelea, na wallahi hakuna chakula kilichowahi kumkaa tumboni vizuri kama kile cha mchana wa siku ile.

Absalom alianza kuja kazini alfajiri kuisimamia printa. Alisimama mbele yake saa kumi na mbili kamili, akangoja orodha itoke, akaikata mwenyewe. Aliamini kuna mtu chumbani anayeiamuru mashine imchapie upya siku zilizopita. Mwezi wa nne akamfukuza kazi Abdillahi, mwendeshaji wa zamu ya jioni, bila ushahidi wowote.

Kafedha alizipata habari hizo akiwa na beseni la maji mikononi. Abdillahi alikuwa na watoto watano. Hilo lilimchoma, kwa muda. Jumatatu iliyofuata, Absalom akiwa bado anailinda printa, aliweka karatasi nyingine.

Stambuli ndiye aliyemfuma. Alikuwa ameisahau miwani yake kazini, Jumatatu moja akaja mapema kuifuata, akamwona kupitia mlangoni anainyoosha karatasi kwa kiganja. Aliingia akaisoma, akaketi kwenye kiti cha mkubwa wake bila kujua amekaa wapi.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mke wa Randu Nguma."

Stambuli alifunika uso. Alipoondoa mikono alisema polepole, "Abdillahi amepoteza kazi yake kwa ajili ya hizi."

"Abdillahi alikuwa akiziona orodha hizi kila siku mwaka ule. Na wewe?"

"Na mimi," alisema. "Sote tulijua. Alituambia kipimo kitabadilishwa kesho, kesho kutwa. Nilimwona Randu kila siku akipita pale chini, nami sikumwambia kwamba king'ora chake hakipo. Baada ya moto alituita mmoja mmoja. Nilikuwa na mke, nilikuwa na mama mgonjwa."

"Mimi nilikuwa na mume."

Kafedha alikuwa amekwisha kupanga moyoni kwamba baada ya Absalom atamgeukia na Stambuli, lakini sasa alimhitaji.

"Utanisomea mbele ya watu," alimwambia. "Mstari kwa mstari. Ukikataa, zitasomwa na mtu mwingine, na nambari kumi na nne imo."

"Si lazima unitishe, dada."

"Nataka kukutisha."

Jioni hiyo alimpeleka Mikindani, nyumba ya tatu. Nafula aliwafungulia akiwa na mtoto wa miaka miwili na nusu mkononi, akataka kufunga tena. Kafedha akapenyeza karatasi mlangoni. Stambuli alisoma akiwa amesimama nje kama mdai: tarehe, saa, tangi, mkono wa nani. Alisoma zilizobaki, tangu ile ya kwanza ya Juni mpaka mwisho wa Julai, bila kuruka mstari. Nafula alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkabidhi mtoto kwa dada yake ndani, akatoka, akakaa kizingitini. Hakumwomba Kafedha radhi siku hiyo. Aliuliza neno moja tu.

"Lini?"

Siku yenyewe ikawa Septemba. Marikabu ilikuwa ikiunganisha kompyuta yake kwa waya na za wateja wakubwa, ili chumba kile kimoja kiamue nani apate mafuta na saa ngapi: mitambo ya kufua umeme, viwanda, ndege, malori ya bara. Kabla ya kuunganisha, kampuni ya bima ilileta mkaguzi, Bi Zubeda, mwanamke mkavu wa maneno mwenye buibui na mkoba wa ngozi. Wakubwa walishuka kutoka Nairobi. Absalom aliwatembeza chumbani. Alikonda mpaka koti likamning'inia, lakini sauti yake ilikuwa bado ile ile.

"Hapa hakuna linalofichika," aliwaambia. "Kila mkono unaogusa, mashine inauandika."

"Nionyeshe," alisema Bi Zubeda.

Stambuli aliinuka, lakini hakwenda kwenye printa. Alikwenda akafungua mlango. Kafedha aliingia na ovaroli lake la kijivu, na Nafula nyuma yake. Alimpita Absalom kama anavyopita kila siku, akamkabidhi Bi Zubeda karatasi kumi na moja.

"Huyu ni mfagiaji wetu tu," Absalom alisema.

"Mimi ni mjane wa mtu aliyekufa kwenye tangi nambari saba," Kafedha alisema. "Huyu ni mwenzangu. Na nambari moja ni huyo anayezungumza."

Bi Zubeda alivaa miwani. Stambuli akasoma kwa sauti, kidole chake kikifuata mistari, na alipofika kwenye nambari kumi na nne aliisoma nayo. Ilikwenda kama robo saa. Absalom alizitambua karatasi zile, akamtazama Kafedha, na Kafedha akaona alichokingoja kwa miaka mitatu: mtu anakumbuka, moja baada ya moja, Jumatatu zote.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi na ufagio, bwana."

Kompyuta haikuunganishwa mwaka huo. Uchunguzi wa pili ulifanywa na watu wa nje, ukaandika kwamba Randu Nguma aliifunga koki kwa mikono yake na kuzuia matangi mengine mawili yasishike moto. Absalom alishtakiwa; kesi ilivutwa miaka miwili, akafungwa miezi kumi na minane na kufutwa katika daftari la mainjinia. Stambuli alitoa ushahidi, akafukuzwa, akafungua duka la vifaa vya redio Kisauni. Abdillahi hakurudishwa kazini. Alihamia Malindi, na Kafedha hakuwahi kwenda kumtaka radhi, ingawa mara mbili alifika mpaka stendi.

Yeye alirudi kwenye genge lake. Nafula akawa anakuja jioni kumsaidia kuparua samaki.

Mwaka 1996, mchana wa Jumamosi, Absalom alifika Mikindani peke yake. Alikuwa amezeeka. Kafedha alimpa kigoda na maji ya kunywa, kwa kuwa ni mgeni. Absalom alisema amekuja kuomba msamaha, kwamba hakukusudia kuua mtu, kwamba Nairobi walimkalia kooni, na kwamba kipimo kipya kilikuwa kimeagizwa.

Kafedha alimwacha amalize.

"Ile karatasi ya kwanza," aliuliza, "ulipoikuta, ulifanya nini?"

Absalom hakutarajia swali hilo. "Nilifunga mlango," alisema. "Nilitapika ndani ya kikapu cha takataka."

"Nilikimwaga mimi. Nilidhani umekula kitu kibaya. Na ya pili?"

Alimsimulia. Alisimulia ya pili, ya tatu, jinsi alivyoacha kulala kitanda kimoja na mkewe, jinsi alivyokuwa akihesabu siku za wiki na kuiogopa Jumapili magharibi. Kafedha alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akauliza pale alipotaka kujua zaidi. Alipoishiwa, akainuka.

"Sikusamehe," alimwambia. "Nilitaka uniambie hayo tu. Sasa nenda."

Absalom aliweka bilauri chini. Njia ya kurudi barabarani ilipita mbele ya nyumba ya tatu. Nafula alikuwa ameketi kizingitini na mtoto wake wa miaka sita, akimwonyesha kwa kidole mtu anayekuja, na Absalom hakuwa na njia nyingine.